Ombi Ambalo Dada Damiana Hakuliomba

Imetufikia kutoka kwa waumini waliotutangulia, Mwenyezi Mungu awapumzishe kwa amani, ya kwamba hapo kale, pembezoni mwa jangwa la Misri, palikuwa na nyumba ya watawa wanawake waliompenda Bwana Yesu na kuishi kwa kusuka mikeka. Na nyumba ile ilikuwa na desturi yake. Mtu wa kijijini akipatwa na shida, humletea mtawa msukaji ukindu mmoja, yaani jani la mkindu lililochanwa na kukaushwa, akamweleza haja yake. Mtawa huuingiza ukindu ule katika mkeka wa madhabahuni, na huku anasuka humwombea mwenye shida kwa jina lake. Hapakuwa na aliyesuka vizuri kama Dada Damiana, basi watu wakawa wanaleta kindu zao kwake.

Lakini Dada Damiana alikuwa na jambo lake moyoni. Mama yake mzazi aliugua, naye akamlilia Mungu kwa kufunga na kwa machozi, na mama akafa. Tangu siku ile hakuomba tena. Si kwamba alimkana Mola wake, la hasha. Kanisani alikuwa wa kwanza kufika, na zaburi aliziimba pamoja na wenzake, ila ni midomo tu iliyoimba. Akibaki peke yake na mkeka, alisuka kimya. Alijua kwamba akifungua kinywa chake mbele za Mungu yatatoka maneno ya hasira, akaona heri anyamaze kwa adabu kuliko kumvunjia heshima Aliye Juu. Tena aliogopa kusema. Nani angethubutu kumwambia Mama Eufemia, mkuu wa nyumba, kwamba mwombezi wa kijiji kizima haombi? Angeondolewa kwenye mkeka, pengine na kwenye nyumba yenyewe, na huko nje hakuwa tena na mtu. Basi watu walileta, naye akasuka, na dhamiri ikawa inamchoma.

Asubuhi moja akaja langoni Ketura, mke wa mfinyanzi, mwanamke wa sauti kubwa na maneno mengi. Kwapani alikuwa amembana bata bukini anayepiga kelele kama yeye.

"Dada Damiana yuko wapi? Mwiteni! Mwanangu amerudi!"

Kijana wake alikuwa amekamatwa na askari wa liwali kwenda kuchimba mifereji, na watu walikwisha kumhesabu kuwa maiti. Wakati ule Ketura alikuwa amemletea Damiana ukindu ili amwombee. Sasa watawa wote wakatoka, wakashangilia, na Mama Eufemia akatoka na mkongojo wake.

"Bukini huyu ni wenu," akasema Ketura.

"Mama, sisi hatuli nyama," akajibu Mama Eufemia.

"Basi mwacheni atage. Mayai nayo hamli? Haya, awalindie lango. Huyu ni mkali kuliko mbwa wa mume wangu."

Wakacheka. Kisha Ketura akaishika mikono ya Damiana, akaibusu mbele ya watu. "Mikono hii! Hii ndiyo iliyonirudishia mwanangu."

Hapo Damiana angeweza kuinamisha kichwa tu, na watu wangesema ni unyenyekevu. Naye aliinamisha. Lakini Ketura hakuwa amemaliza. Sauti yake ikashuka.

"Dada yangu, nina jingine. Binti yangu ameshikwa na uchungu tangu alfajiri. Wawili wa mwanzo walimfia tumboni. Sikuleta ukindu, kusuka kutachelewa. Nipe tu maneno yale uliyomwambia Mungu juu ya mwanangu, nami nikayaseme pale anapolala. Nifundishe, nitayashika."

Damiana akamtazama. Akatafuta maneno mazuri, na alikuwa nayo mengi, kwa maana zaburi zote alizijua. Lakini akaona kwamba kumpa mama huyu maneno ya uongo kwa saa kama ile ni kumpa jiwe badala ya mkate.

"Mama Ketura, nisamehe. Hakuna maneno. Sikumwombea mwanao. Ukindu wako niliusuka, basi. Sijaomba tangu mama yangu afe."

Ketura akaiachia ile mikono.

"Hukuomba?"

"Sikuomba."

"Na mwanangu yuko nyumbani anamaliza vitunguu vyangu vyote. Sasa nani aliyeomba?"

"Sijui, mama. Labda wewe."

"Mimi?" Ketura akashtuka kama aliyesingiziwa. "Mimi sijui kuomba! Mimi nilikuwa nagombana na Mungu tu. Nikienda mtoni na mtungi wangu, namwambia, Wewe Bwana, yule mjane wa Naini ulimrudishia mwanawe, wangu mimi umemweka wapi? Siku nyingine nilimfokea mpaka wenzangu wakanikimbia."

"Na hukuogopa kwamba atakasirika?"

"Dada, mtoto wangu wa mwisho akinikasirikia hunipiga ngumi tumboni. Lakini haendi kulia kwa jirani. Ananipiga huku amening'ang'ania nguo."

Damiana aliposikia hayo, akapiga magoti palepale langoni, katika vumbi, karibu na bukini. Akasema kwa sauti iliyosikika na wote, "Bwana, nimekukasirikia. Nilikuomba mama yangu, ukamchukua. Nimekukasirikia, nami nimechoka kukukimbia huku nakaa nyumbani mwako." Akalia kilio alichokizuia muda mrefu. Na wamesema waliokuwapo kwamba alipoinua uso, ulikuwa kama uso wa mtu aliyetuliwa mzigo kichwani baada ya safari ndefu.

Akamgeukia Mama Eufemia. "Mama, nitoe kwenye mkeka. Nimewadanganya watu."

"Umewadanganya, kweli," akasema yule mama. "Kesho tutaketi sote, tuwaombee wale waliokuamini, na wewe utaanza. Mbona nilikuwa naona? Zamani ulisuka polepole. Siku hizi unasuka haraka kama mtu wa sokoni. Nilikuwa nikimwomba Mungu akufungue kinywa. Sikujua atamtuma Ketura." Kisha akaelekeza njia kwa mkongojo. "Unangoja nini? Kuna mtu anazaa. Nenda naye."

Wakaenda mbio, wanawake wawili, na njia nzima walizungumza na Mungu kwa zamu, mmoja akiishiwa pumzi mwenzake anaendelea. Hawakupanga maneno. Ketura alifoka kama kawaida yake. Damiana alisihi, akalaumu, akashukuru, akasihi tena. Jua lilipofika utosini, mtoto wa kike alilia katika nyumba ya mfinyanzi, mzima, na bibi yake akamzidi kwa kelele. Lakini Damiana mwenyewe aliwaambia wenzake baadaye kwamba amani yake haikungoja kilio kile. Alikuwa nayo tangu langoni, na angebaki nayo hata kama wangerudi wakiomboleza.

Ndugu wapendwa, wengi wetu hukaa mbali na Baba kwa kuona kwamba moyo tulio nao haufai kupelekwa mbele zake, tukangoja tupate mwingine ulio safi zaidi. Mwingine hatuna. Tumpelekee huu huu, leo, naye kwa ajili ya Mwanawe atatupokea. Amina.