Tangazo la Chuo cha Kwemlasi

Hapo zamani, siku zile matangazo ya vyuo yalipokuwa yakibandikwa ukutani posta, kulikuwa na chuo cha ufundi mlimani Kwemlasi. Kilifundisha useremala, uashi na ushonaji. Mwaka mmoja kilipata waombaji thelathini. Mwaka uliofuata, kumi na tisa. Bodi ikasema: mwakani waombaji wasipofika sitini, tunafunga.

Mkuu wa chuo akaenda posta, akasoma matangazo yote. Kila chuo kilikuwa "chuo bora chenye walimu mahiri." Akafunika jina la chuo chake kwa kiganja. Hakukitambua.

Akarudi, akawaambia wafanyakazi: "Nataka tangazo ambalo hata ukifunika jina, mtu atasema, hawa ni Kwemlasi. Atakayelipata ndiye mwandishi wa chuo. Ajira ya kudumu, na nyumba ndani ya uzio. Nafasi ni moja."

Walioitaka walikuwa watatu. Bi Mwanaidi alilinda geti, na mkataba wake ulikuwa unaisha Desemba. Mwalimu Shekalaghe alifundisha Kiswahili kwa vipindi, wiki hii yupo, wiki ijayo haitwi. Nakijwa alikuwa mpiga chapa, kibarua.

Maneno ya Bi Mwanaidi yalijulikana hadi sokoni. Mzazi akimuuliza kama chuo ni kizuri, alijibu: "Uzuri siujui. Mwanao ataingia hajui kushika randa, atatoka na mlango alioutengeneza. Mlete na viatu vya kufunika vidole."

Mkuu akampa karatasi. Bi Mwanaidi akakaa nayo asubuhi nzima, akaleta haya: "Kwa heshima na taadhima, uongozi unapenda kuchukua fursa hii adhimu..."

"Mama," akasema Mwalimu Shekalaghe, "ni nani huyu anayeongea?"

"Karatasi ina heshima yake, mwalimu. Ulitaka niandike kama nafukuza mbuzi?"

"Hivyo hivyo."

Hakuweza. Alijaribu mara tatu, na mara tatu alianza na taadhima.

Mwalimu akachukua kigoda na daftari, akakaa getini wiki tatu. Aliandika kila alichosikia, akachuja. Kisha akabandika masharti ofisini: Usijisifu. Sentensi ziwe fupi. Mwambie mtu alete nini, na atatoka na nini. Kwa masharti hayo akaandika tangazo, akampa Nakijwa alipige chapa.

Nakijwa akapiga hadi mstari wa mwisho, akasimama. Mvua ilikuwa inadondokea kwenye ndoo kando ya mashine yake, pale kwenye kona ya karakana. Akaongeza, bila kumuuliza mtu: "Paa la karakana linavuja. Mtaliezeka wenyewe mwaka wa kwanza, na mtakuwa mmejua kuezeka."

Mwalimu alikuja kuusoma mstari huo posta, tangazo likiwa limeshabandikwa. Alirudi anahema.

"Nakijwa! Umetuvua nguo mbele ya wilaya nzima!"

"Nimefuata masharti yako, mwalimu. Usijisifu."

Bi Mwanaidi akacheka hadi akashika geti. "Hilo ningelisema mimi!"

"Lakini hukulisema, mama," akajibu Nakijwa.

Siku ya soko Mkuu akaenda posta, akafunika jina kwa karatasi, akasimama pembeni. Muuza vitumbua akasoma, akageuka: "Si Bi Mwanaidi wa Kwemlasi huyu?"

Wakaja waombaji themanini na wawili. Bodi ikaacha habari za kufunga. Mkuu aliwauliza waombaji kilichowaleta, na wengi walisema ni paa. Mmoja alisema: "Wasioficha paa lao hawatatuficha mengine."

Basi watatu wale wakaingia ofisini.

Bi Mwanaidi akasema: "Waliposoma, walinisikia mimi. Miaka kumi na minne nimesimama pale nikisema hayo hayo. Mwalimu amekuja na daftari, ameyabeba."

Mwalimu Shekalaghe akasema: "Mama, ulipewa karatasi, ukashindwa mara tatu. Maneno yako yalikuwa yanaishia getini na mzazi mmoja. Sasa hata asiyekujua anaweza kuandika hivyo. Nakijwa mwenyewe ameweza kwa sababu yangu."

Nakijwa akasema: "Waulizeni waombaji wamekuja kwa mstari gani."

Mkuu akakaa na barua ya ajira mbele yake. Ilikuwa na mstari mmoja wa jina. Yote mengine alikuwa ameshaandika: "Kwa heshima na taadhima, uongozi unapenda kukufahamisha..." Aliisoma, akaichana. Barua ya kumwajiri mwandishi wa chuo nayo ilipaswa kuwa na sauti ya Kwemlasi, na yeye hakujua kuiandika. Akatazama watatu wale. Yeyote ambaye Mkuu angemwomba aiandike, angekuwa amekwisha kumchagua.

Nyie mliokaa hapa mkinisikiliza, kalamu ya Mkuu ningeiweka mikononi mwenu. Je, mngempa nani?