Nondo Zilizobaki Juu

Tuseme yupo mama mmoja. Simpi jina, maana nikimpa jina mtajifariji kwamba si mama yenu. Ni mjane, anajenga nyumba kidogo kidogo kama tunavyojenga kwetu: mwaka huu msingi, mwaka ule kuta, watu wanahamia lipu haijakauka. Ana binti mmoja tu, na binti anakwenda ng'ambo kusomea ujenzi. Anakwenda kujifunza uzito unavyoshuka kutoka juu mpaka ardhini, nini kinabeba na nini kinabebwa.

Siku ya kuagana binti alipanda juu ya zege lililofunika vyumba, akazitazama nguzo, akamwambia, "Mama, usipaue. Waambie mafundi wakuachie nondo. Nikirudi nasimamisha ghorofa yangu hapa juu, tukae wote."

Mnazijua hizo nondo. Pita mtaa wowote, utaona vyuma vimechomoza juu ya nyumba kama nywele zilizokataa kitana.

Mama akaziacha. Kila masika yakikaribia alipanda ngazi ya miti na chupa tupu za maji, akazivisha ncha moja moja, mvua isizipate. Majirani waliziita antena. Walimwuliza, "Mama, leo zimeshika nchi gani?" Naye alicheka, akawajibu zimeshika kwa mwanangu, ila picha haijatulia.

Kila Jumapili binti alipiga simu. Alisimulia baridi, masomo, baadaye kazi, baadaye kazi kubwa zaidi. Kabla ya kuaga hakukosa kuuliza, "Mama, nondo zipo?" Mama alijibu zipo, mwanangu. Simu ikikatika, alibaki ameishika sikioni kidogo, kama mtu anayengoja salio la neno.

Sasa nisikilizeni, hasa nyie wa sayansi. Nondo iliyozama kwenye zege zuri, imebanwa, imebebeshwa, hudumu. Inayoliwa ni ile iliyoachwa hewani ikingoja. Na kutu haibaki huko juu. Hufuata chuma, ikashuka nacho ndani ya nguzo, na chuma kinachooza huvimba, kikalipasua zege kutoka ndani. Chupa ya maji itazuia nini hapo?

Mwaka mmoja mama aliona ufa kwenye nguzo ya sebuleni. Akausogezea kabati. Ufa ukapanda, ukalipita kabati.

Fundi akaja, akaigonga nguzo, akasikiliza, akasema nondo zikatwe zote, nguzo zitibiwe, nyumba ipauliwe kabla mvua hazijakolea. Mama akamwambia arudi kesho. Kesho yake akamwambia arudi kesho. Mnadhani hakuelewa? Alielewa vizuri sana. Alijua anaweza kuangukiwa akiwa kitandani. Lakini kwake, kukata nondo ilikuwa kusema kwa mdomo wake mwenyewe kwamba mtoto harudi. Ninyi mngeweza kulisema?

Mvua za kwanza zikamkuta bado anasema kesho. Vipande vya zege vilipoanza kudondoka sebuleni, akapiga picha, akamtumia binti.

Binti akapiga siku hiyo hiyo, wala haikuwa Jumapili. Akaongea kitaalamu, haraka haraka: maji, kutu, uzito, hatari. Fundi aitwe leo. "Kata, mama. Kata zote."

Mama akasema, "Nitakata. Ila ukiniambia kata, niambie na lile lingine."

"Lipi?"

"Unalijua."

Ikawa mvua ya huku na ukimya wa kule. Basi mama, kwa kuwa ni mama, akamtua mzigo. "Haya, yaache. Kwani ghorofa niliiomba mimi? Chumba chako cha chini kipo. Nimekipaka rangi tena juzi juzi."

Binti akauliza, "Chumba gani?"

Mmesikia hilo swali? Miaka yote aliulizia nondo. Chini ya nondo hizo palikuwa na kitanda kilichotandikwa, chandarua, na dirisha linalotazama mpapai, na hakuna aliyewahi kuuliza. Kile chumba hakikutaka ramani wala kazi kubwa. Kilitaka mtu wa kulala.

Najua kuna mtu hapa ameshaandaa hoja. Atasema, dada, kwani kuahidi ni dhambi? Si ni upendo? Ni upendo, sipingi. Ninachopinga ni kuuacha hewani. Hata mfupa wa paja Mungu ameuumba hivyo: unakuwa imara kwa kubeba, na mtu akilala kitandani miezi, mfupa wake unapungua nguvu. Upendo usiobebeshwa kitu chochote hauishii kuoza peke yake. Unashuka ukapasua nguzo za yule anayeungoja.

Sisi tulioketi hapa na vitabu vyetu, tumeacha nondo kwenye nyumba ya nani? Nikimaliza chuo, mama. Nikipata kazi, baba. Hata Mungu tumemwachia zake, tumemwambia nikitulia nitakutumikia, Bwana, acha kwanza nitulie. Kisha tunapiga simu kuuliza kama nondo zipo. Tukijibiwa zipo, tunalala usingizi. Nani kati yetu anajua nguzo ya sebuleni kwao ikoje? Hawatatuonyesha ufa, wapendwa. Wameusogezea kabati.

Mtaniuliza kama yule binti alirudi. Sijui. Ninachojua ni kwamba wiki ile fundi alipanda na grenda yake ya kukatia chuma, na mama akasimama chini ameshika ngazi, akiokota chupa kadiri zilivyodondoka. Nyumba ikapauliwa. Majirani wakakosa utani. Na kile chumba kinafagiliwa kila asubuhi mpaka leo, mlango ukaachwa wazi kidogo, hewa iingie.

Likizo inaanza Ijumaa. Usiende na ramani. Nenda kalale kwenye chumba chako.