Mwangaluka wa Bombani

Kioja kwako, kwao salamu. Vijana wa duka la kushonea waliisikia methali hiyo kwa mteja waliyekuwa wakimcheka kwa namna anavyozungumza, wakamuuliza Bi Sikudhani, mwenye duka, imetoka wapi. Bi Sikudhani akaweka mkasi mezani kwa kishindo.

"Methali hii ilianza hivi," akasema. "Na asicheke mtu mpaka nimalize, maana aliyeianzisha hakuwa akicheka."

Palikuwa na mwanamke wa Kisukuma aitwaye Minza. Alitoka Shinyanga na mumewe aliyekuja Tanga kukata mkonge, wakapewa chumba katika kambi ya shamba. Kambi ile haikuwa na mwenyeji hata mmoja. Huyu Mbena, yule Myao, yule Mmakonde, wote wametolewa kwao na shida ileile.

Asubuhi ya kwanza Minza alichukua ndoo akaenda bombani. Kwao mwanamke aliyelelewa akaleleka hapiti mbele ya watu wazima kimya kama ng'ombe. Akapiga magoti palepale kwenye tope, akasema, "Mwangaluka!" Ni salamu ya asubuhi ya Kisukuma, basi, haina zaidi.

Lo! Walicheka mpaka maji yakamwagika. Binti Mtulia, aliyekuwa ndiye mwenye mdomo pale bombani, akashika kiuno. "Mwanga nani? Jamani, fungeni milango, mwanga kaingia kambini!"

Mnajua mwanga ni nani. Mwanamke wa watu kasalimu kwa adabu zake zote, kaitwa mchawi kabla ndoo haijajaa.

Neno likanoga. Mtu mwenye mambo yasiyoeleweka akaitwa mwangaluka. Wakiwa wawili, wangaluka. Vituko vyao, uangaluka. Kuku akitaga yai lisilo na ganda, "Uangaluka huo!" Msimamizi akivaa koti juani, "Mwangaluka yule!" Vijana wakalibeba hadi mjini, na nyinyi leo mnalitupatupa humu dukani mkidhani limezaliwa redioni.

Minza alimeza. Akaacha kupiga magoti, kisha akaacha kabisa salamu ya kwao, akawa anasema "habari za asubuhi" kama wengine. Lakini kila aliposikia neno lile, lilimkaa kooni kama mwiba wa samaki. Binti yake, Kabula, alikulia mlemle kambini. Kisukuma hakukijua. Alijua neno moja tu, na alilijua kama tusi.

Ndipo baba yake Minza alipofariki kule Shinyanga. Mama akabaki peke yake, na Minza ndiye mtoto wake wa pekee. Minza akamwita aje akae naye, azeekee mikononi mwake. Hakuna jambo alilolitaka duniani kuliko hilo. Akapaka chumba chokaa, akanunua kitanda, akawa hana usingizi kwa furaha.

Mama akafika asubuhi. Minza alimpokea barabarani, akambebea mzigo, ila mama mfuko wake mdogo hakuutoa. Njia ya kambini ilipita bombani. Mama alipowaona wanawake, alisimama, akatabasamu, akasema kwa sauti ya mtu aliyefika kwa watu, "Mwangaluka!"

Bomba zima likaangua kicheko. "Haya sasa," akasema Binti Mtulia, "mwanga mkuu kaja mwenyewe!" Na msichana mmoja kwenye foleni akacheka kuliko wote, akanyoosha kidole: "Bibi mwangaluka! Bibi mwangaluka!"

Mama akamgeukia Minza. "Mtoto huyu wa nani?"

"Wako, mama. Ndiye Kabula."

"Anacheka nini?"

"Anacheka salamu."

Hapo ndipo hasira ya miaka yote ilipompanda. Akatua mzigo, akaipiga teke ndoo ya Binti Mtulia, ikabingirika na maji yake.

"Ebo! Mama Kabula, una nini?" Binti Mtulia akaruka nyuma. "Si utani tu?"

"Utani? Utani una mtani! Mtani humzika mtani wake. Mimi nilipojifungua, nani kati yenu alinichotea maji? Nilipiga magoti kwenye tope lenu kuwaamkia, mkaniita mchawi. Mngeuliza tu maana yake! Kuuliza kuliwashinda nini? Na nani hapa kwao ni hapa? Hata mmoja! Kioja kwenu, kwetu ni salamu! Mmesikia? Kioja kwenu, kwetu salamu!"

Binti Mtulia akainama kuokota ndoo yake. Minza akamshika Kabula mkono, akamburuta mpaka mbele ya bibi yake. Mtoto akapiga magoti, machozi yanamtoka. "Mwangaluka, bibi."

"Mwangaluka, mjukuu wangu," bibi akaitika, akampangusa uso kwa upindo wa kitenge. Kisha akamwambia Minza taratibu, "Huyu nimemsamehe, hakujua. Wewe ulijua. Ulijua wanaifanya nini salamu yetu, ukainyamazia mpaka mtoto wako akaicheka. Siwezi kuzeekea mahali nitakapoogopa kuwaamkia watu."

Minza alilia, akamshika miguu. Mama hakubadili neno. Akalala usiku mmoja kwenye kitanda kile kipya, kesho yake akapanda gari kurudi Shinyanga, kwenye nyumba isiyo na mtu. Alikufa hukohuko, na Minza hakumwona tena.

Bi Sikudhani akachukua mkasi wake. Kijana mmoja alikuwa akitazama mlangoni, alikopita yule mteja akienda zake.

"Bombani walijifunza kuitika 'Mwangaluka' baadaye, naam, tena kwa adabu. Yule mama alikuwa ameshaondoka. Basi kabla hujamcheka mtu, muulize. Kioja kwako, kwao salamu."