Nyamvula na Buku Aliyechagua Karanga

Jamani mlioketi, hadithi inapita hapo njiani.

— Iite iingie!

Imetoka mbali, imechoka.

— Ipe kigoda ikae!

Haya, imekaa. Sogeeni na ninyi.

Hapo kale, kale za kale, watu na wanyama walipokuwa wakikutana njiani wakaulizana habari za nyumbani, palikuwa na mwanamke jina lake Nyamvula. Alikaa kando ya shamba la mtama, katika nyumba ya udongo iliyoezekwa kwa nyasi. Mumewe alikwisha kufa. Mtoto alikuwa naye mmoja, msichana, jina lake Kadzo. Kisha ikaja njaa, ile njaa iliyokausha hata mizizi ardhini, na Kadzo akafa ameshika kibakuli kitupu.

Nyamvula akazika, akalia, akanyamaza. Akaapa moyoni kwamba ndani ya nyumba yake, kiumbe yeyote akiomba chakula, hatamnyima. Akakaa peke yake. Akawa anakula amesimama, hapo hapo mekoni, uji wa kukwangua chunguni, ili mradi siku ipite.

Mwaka mmoja masika yakaja kwa nguvu. Maji yakajaa mashambani, yakaingia kwenye mashimo ya wanyama wadogo. Mvua ilipokatika, Nyamvula akaenda kuuangalia mtama wake, na huko akasikia kilio chembamba chini ya mabua yaliyolala. Akayafunua. Akamkuta buku, yule panya mkubwa mwenye mifuko mashavuni ya kubebea chakula. Lakini huyu alikuwa mtoto bado, hata macho yalikuwa hayajafumbuka, naye akitetemeka mwili mzima.

Nyamvula akamfunga katika upindo wa nguo yake, akaenda naye nyumbani. Akamkausha karibu na moto. Akatafuna karanga mpaka ikalainika kama maziwa, akamtia mdomoni kwa ncha ya kidole. Mtoto wa buku akameza. Akafumbua jicho moja, akamtazama.

Akamwita Mashavu.

Mashavu akakua. Akajua kusema, akamwita Nyamvula mama. Alfajiri alikuwa wa kwanza kuamka kikapuni mwake, na maswali hayaishi: mama unakwenda wapi, mama utarudi saa ngapi, mama yule ndege anamwita nani. Nyumba iliyokuwa kimya ikawa na mtu wa kumuuliza mwenye nyumba ameamkaje. Nyamvula akajikuta anarudi shambani mapema kuliko zamani, na anatembea upesi.

Shida ilikuwa moja, chakula.

Nyamvula alimwekea kibakuli cha udongo. Ndani yake alitia mtama, na mchicha, na kipande cha boga, na dagaa, na karanga. Mashavu akachagua karanga, akasukuma vilivyobaki. Karanga hii shavu la kulia, karanga hii shavu la kushoto, akaenda zake kikapuni. Siku ya pili ikawa vile vile. Akachagua karanga, akasukuma vilivyobaki. Nyamvula akajiambia kwamba ni utoto, utamwisha.

Haukumwisha. Tumbo la Mashavu likawa kubwa, miguu ikawa myembamba. Manyoya ya mgongoni yakaanza kung'oka vishungi vishungi. Meno yake, kwa kukosa kitu kigumu cha kuyasaga, yakarefuka yakawa yanamchoma ufizi. Kupanda kigoda tu, anahema. Zamani alimsindikiza mama yake hadi shambani, sasa akifika mlangoni anakaa.

Nyamvula akaogopa. Akaanza kutafuta mbinu.

Kwanza aliutwanga mtama, akauchanganya na karanga zilizopondwa, akafinyanga vitonge vidogo vizuri. Akamwimbia na kumwimbia:

*Mashavu wa mama, onja kidogo,*
*onja la shamba, onja la mto.*

Mashavu akavishika vile vitonge kwa mikono miwili. Akalamba karanga yote taratibu, akauacha mtama umebaki mkavu kama mchanga.

Mara ya pili, Nyamvula akamwita kuku wake mtetea, akamwomba aje ale mbele ya Mashavu, labda yule mtoto ataona wivu. Kuku akaja. Akala mtama, akala mchicha, akala boga, akala dagaa, huku akisifia kila kitu. Nyamvula akaimba tena:

*Mashavu wa mama, onja kidogo,*
*onja la shamba, onja la mto.*

Mashavu akamtazama kuku kama watu wanavyotazama ngoma. Kuku aliposhiba, Mashavu akamshukuru kwa kuja, kisha akauliza karanga zake ziko wapi.

Mara ya tatu, Nyamvula akaifunika karanga chunguni. Kibakulini akatia vyote isipokuwa karanga, akatoka kwenda kuchota maji. Aliporudi, Mashavu alikuwa amemwaga chakula chini. Alikuwa amekaa, amekishika kile kibakuli kitupu kwa mikono miwili.

"Mama," akasema, "nina njaa."

Mtungi ulimponyoka Nyamvula kichwani, ukavunjika. Hakuutazama. Alikimbilia chungu cha karanga, akammwagia zote.

Basi harufu ya mnyama mnene aliyelegea husafiri. Ilimfikia Kicheche huko vichakani alikokaa. Akajipangusa uso, akaja mchana kweupe, akapiga hodi kwa adabu. Akasema amesikia mama ana mgonjwa, na yeye ni mganga, baba yake alikuwa mganga, na babu yake vile vile.

Nyamvula akamkaribisha. Kicheche akakaa karibu na Mashavu, akambonyeza tumbo, akatikisa kichwa kwa huruma. Akasema mtoto huyu anaonewa. Mboga ni za mbuzi. Apewe anachokitaka, karanga na karanga tu, na moyo wake ukitulia mwili utapona wenyewe.

Sasa angalieni moyo wa mama. Maneno yale yalimwingia Nyamvula kama maji kwenye koo kavu, kwa sababu ndiyo aliyotaka kuyasikia. Hakuna kunyima, hakuna kilio. Akampa karanga asubuhi, akampa karanga jioni.

Kicheche akarudi. Akabonyeza tumbo, akabonyeza na paja. Akasema dawa inafanya kazi, aongezewe karanga, na asiruhusiwe kukimbiakimbia uani. Nyamvula akafanya hivyo.

Kicheche akarudi mara ya tatu. Mashavu sasa alikuwa amelala ubavu, hata kuuliza maswali ameacha. Kicheche akabonyeza tumbo, polepole, kama mtu anayepima papai. Akasema mwezi mpya ukiandama atakuja kumalizia. Na alipoinama kusema hivyo, tone la ute likamdondoka mdomoni, likaanguka juu ya mgongo wa Mashavu pale palipokosa manyoya.

Nyamvula akaliona.

Kicheche akajifuta, akasema leo kuna joto. Nyamvula akamjibu kwamba ni kweli, joto limezidi. Akamsindikiza hadi uani kwa maneno mazuri, akamtakia safari njema. Akarudi ndani. Akakaa chini, akampakata Mashavu, akamfuta ule ute kwa nguo yake.

Akafikiri kwamba ni mikono yake mwenyewe iliyokuwa ikimwandalia Kicheche kitoweo. Kila kiganja cha karanga alikitoa kwa mapenzi, hilo lilikuwa kweli. Lakini alikitoa kwa hofu pia, kwa sababu hakuweza kukitazama kibakuli kitupu. Na tangu amlete mtoto huyu nyumbani alikuwa amembembeleza, amemwimbia, amemtega. Kumuuliza hajamuuliza hata siku moja.

"Mwanangu," akasema, "kwa nini karanga tu?"

Mashavu akajiinua kidogo, meno yakimuuma. Kisha akasema, "Karanga naijua, mama. Ndiyo niliyoikuta kwenye kidole chako. Hivi vingine sivijui. Unaviweka, halafu unasimama pale unanitazama. Wewe mwenyewe sijakuona ukivila."

Ilikuwa kweli. Boga mara ya mwisho Nyamvula alilila na Kadzo.

Jioni ile alipika. Alipika boga, akachemsha mchicha, akakaanga dagaa, akapepeta mtama kwenye ungo. Akatia vyote katika kibakuli kimoja. Kisha akafanya jambo ambalo hakuwa amelifanya kwa miaka. Alitandika mkeka, akaketi.

Akamega boga, akalitia mdomoni. Lilikuwa tamu. Alipoonja utamu ule machozi yakamtoka, akaendelea kutafuna hivyo hivyo, akameza. Mashavu akauliza kama linauma. Nyamvula akasema haliumi, ni tamu, ndiyo maana. Akachovya kidole katika boga, akamnyooshea.

Mashavu akanusa. Akalamba. Akatema.

Akaomba karanga. Nyamvula akamwambia karanga zipo, lakini zinakuja mwisho. Mashavu akalia. Alilia kilio kile kile chembamba cha siku ya mafuriko. Chungu cha karanga kilikuwa pale, hatua chache tu, na mwili mzima wa Nyamvula ulitaka kuinuka. Hakuinuka. Alimkumbatia mtoto wake, wakalia wote wawili, lakini hakuinuka.

Kesho yake wakaketi tena mkekani. Nyamvula akala, Mashavu akanusa, akalamba, na safari hii hakutema. Akameza kidogo sana, kiasi cha machozi ya siafu. Nyamvula akampa karanga moja, akamsifu. Siku iliyofuata akakataa kila kitu, akasema boga linanuka. Nyamvula akakasirika, akatoka uani, akatwanga kinu kitupu mpaka hasira ikapungua, akarudi, akaketi tena. Hakumlazimisha. Alikula chakula chake, akamsimulia habari za Kadzo, alivyokuwa akicheka, alivyokuwa akitoa mbegu za boga moja moja akizipanga mlangoni. Mashavu akasikiliza. Na katika kusikiliza akachukua jani la mchicha bila kujua, akalitafuna lote.

Nyamvula aliendelea na hadithi.

Basi ikawa hivyo. Leo mchicha, kesho punje za mtama, keshokutwa dagaa, na siku nyingine hakuna. Nyamvula akabuni na jingine. Akarundika mabua makavu uani, akatawanya mtama ndani yake na karanga chache chache, akamwambia Mashavu atafute. Ikabidi achimbe, apande, atambae. Akizitafuta karanga anakutana na mtama, anaubeba shavuni maana shavu lina nafasi. Akampa na magunzi ya mahindi ya kuguguna. Meno yakapungua, ufizi ukapona. Tumbo likapungua, miguu ikanenepa. Manyoya yakaota mgongoni, laini, yenye rangi ya majivu. Na asubuhi moja Nyamvula akaamshwa na sauti ikimuuliza yule ndege anamwita nani.

Mwezi ukaandama. Kicheche akaja, amepaka hata mafuta.

Nyamvula alikuwa uani akitwanga, na Mashavu alikuwa mlangoni. Kicheche akapiga hodi, akaingia kabla hajaitikiwa. Akasema amekuja kumalizia ile dawa. Nyamvula akashika mchi sawasawa, lakini Mashavu akamtazama kwa jicho la kumwambia amwachie yeye.

Kicheche akainama. Akaliwahi tumbo kwa mkono wake, alibonyeze kwanza kama kawaida. Hakukuta tumbo. Alikuta mbavu ngumu na mnyama aliyekwisha kugeuka. Mashavu akamuuma puani, kwa meno mafupi makali, akang'ang'ania. Kicheche akazunguka uani, akagonga kinu, akagonga mlango, akagonga kila kitu. Alipoachiwa alipita katikati ya miiba ya ua bila kutafuta mlango, na Nyamvula akamsindikiza kwa mchi.

Ndiyo maana hadi leo Kicheche haonekani mchana. Hutoka giza likiingia, ameinamisha pua chini, anaona haya.

Siku zikapita. Mashavu akawa buku mzima, akataka shimo lake mwenyewe. Nyamvula hakumzuia. Mashavu akachimba pembeni mwa shamba la mtama, juu kidogo, mahali maji hayafiki. Jioni akawa anakuja kula kwa mama yake, wakiketi mkekani, kila mtu na habari zake za siku.

Jioni moja akaja na mke. Alikuwa buku mzuri mwenye haya, akiangalia chini. Nyamvula akafurahi, akapika kila alichokuwa nacho, akakiweka kibakuli katikati. Yule bibi harusi akanusa mtama. Akanusa mchicha. Akanusa boga. Akachagua dagaa, akasukuma vilivyobaki.

Mashavu akamtazama mama yake. Nyamvula akacheka, akacheka mpaka akashika ubavu, na kuku akatoka bandani kuja kuona kuna nini. Kisha akasogea mkekani, akampa mkwe wake nafasi ya karibu naye, akamega boga, akaanza yeye.

Hadithi hii inatufundisha hivi. Kumpenda mtoto si kumpa kila anachokililia, wala si kumwekea chakula na kusimama unamtazama. Kaa chini ule naye, umvumilie, na umnyime kwa upole panapostahili. Na mshauri akikuambia jambo lile lile ambalo moyo wako ulilitaka, mtazame mdomo kabla hujamshukuru.

Hadithi imeshiba, inanyanyuka kigodani.

— Iende salama!

Inauliza, je, nayo tumeionja yote?

— Tumeonja, tumemeza!

Basi aliye karibu na mlango auegeshe.