Mashine ya Vidole na Wapiga Makumbi wa Kisimandege

Hapo zamani, wala si zamani ile ya majini na mazimwi, bali zamani hii ya juzi ambayo wakubwa hawapendi kukumbushwa, palikuwa na Sultani katika nchi ya pwani iitwayo Kisimandege, jina lake Sultani Faki bin Tajo. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na maradhi mamoja tu, nayo ni kusikia kwamba jirani ana kitu. Sultani wa ng'ambo akinunua saa, yeye hununua mbili. Yule akijenga mnara, huyu huamka na fundi. Basi siku moja akapata habari kuwa jirani yake amenunua mashine iwatambuayo watu kwa vidole vyao, na tangu siku hiyo usingizi ukampaa.

Haukupita mwezi akaja mtu mmoja wa suti, mwenye begi la magurudumu na meno mengi, akafungua kisanduku mbele ya baraza. Kisanduku kilikuwa na kijidirisha cha kioo. Ukikibonyeza kwa kidole nacho kikakujua, huwaka taa ya kijani, na sauti ya mwanamke hunena kwa upole, "Karibu." Kisipokujua, huwaka taa nyekundu, na sauti ile ile hunena kwa upole ule ule, "Samahani, hutambuliki. Tafadhali jaribu tena." Sultani akakijaribu mara arobaini siku ile, na kila kilipomkaribisha akajibu, "Ahsante."

Mwaka huo ulikuwa wa ukame, na kila Alhamisi Sultani aliwagawia watu mchele wa ghala lake. Mgawaji alikuwa karani mmoja mzee, aliyemjua kila mtu kwa jina lake na la mama yake, wala hakumpimia mtu kibaba kabla ya kumwuliza hali ya mgonjwa wake. Waziri Msellem akasema kwamba ugawaji huo wenda polepole, na kwamba nchi zilizoendelea hazina wagonjwa wa kuulizwa hali. Basi karani akapumzishwa. Mashine moja ikawekwa mlangoni pa ghala, ya pili mlangoni pa jumba la Sultani, utepe ukakatwa, fulana zikagawiwa, na mbiu ikapigwa: "Ambaye mashine haimtambui, huyo hayupo, na asiyekuwapo hali chakula."

Sasa, katika nchi ile walikuwamo wanawake sitini wapiga makumbi. Kazi yao ilikuwa kufukia makumbi ya nazi katika matope ya pwani miezi sita hata yaoze, kisha kuyafukua, kuyapiga kwa rungu juu ya gogo, na kusokota usumba wake kwa viganja na vidole hata uwe kamba. Kamba ya ndoo kisimani, kamba ya ng'ombe zizini, hata kamba ya kitanda alicholalia Sultani mwenyewe, zote zilitoka mikononi mwao. Na vidole vyao, kwa kusokota mwaka hata mwaka, vilikuwa vimelika mistari yote, vikabaki vitupu kama vigae vilivyosuguliwa na bahari.

Alhamisi ya kwanza wakaweka vidole vya kulia, wakaambiwa samahani. Wakaweka vya kushoto, wakaambiwa samahani. Waziri akaandika katika ripoti yake, "Wanawake sitini hawakutoa ushirikiano," nao wakarudi na vikapu vitupu. Ikawa hivyo Alhamisi tatu.

Miongoni mwao alikuwamo Bi Mize, aliyemlea mtoto wa kaka yake, hohehahe mmoja jina lake Ngwali. Mali ya Ngwali ilikuwa kanzu moja na ulimi mmoja, na katika viwili hivyo kilichopata kupumzika ni kanzu, siku ya kufuliwa. Alhamisi ya tatu akaingia kwa shangazi yake na kibaba cha mchele, akamkuta anachemsha majani.

"We Ngwali, hiyo mashine imekutambua?"

"Imenitambua mara ya kwanza, shangazi. Haikusita."

"Haya. Hata mashine imejua kwamba hujashika kazi tangu uzaliwe." Bi Mize akakoroga majani yake. "Na sisi sitini imetusemaje?"

"Nyinyi hampo."

"Kama sipo, basi usiguse chungu changu."

Ngwali akacheka, lakini Bi Mize hakucheka. Akaweka mwiko chini, akasema, "Mwanangu, Mwanashaha hapa jirani maziwa yamemkauka. Kitoto chake kimelia hata sauti imekwisha, sasa kinafumbua kinywa tu. Hicho kibaba chako kinakwenda kwake. Na huo ulimi unaochekeshea watu vibarazani, kama una kazi nyingine, basi siku yake ni leo."

Basi Ngwali akaenda jumbani, akaweka kidole, akakaribishwa. Akakuta baraza limejaa, chai na sambusa zinapita, maana ilikuwa siku ya kusomwa tathmini ya mashine. Waziri Msellem amesimama na karatasi.

"Tumewauliza watu mia," akasoma, "na mia wote wameridhika. Mafanikio ni mia kwa mia."

Watu wakapiga makofi, na sambusa zikapita mara ya pili.

Ngwali akainua mkono. "Bwana Waziri, hao mia mliwaulizia wapi?"

"Mlangoni pa ghala, wakitoka na mchele wao."

"Na waliokataliwa?"

"Hao hawakupata huduma. Mtu atatoaje maoni juu ya huduma asiyoipata?"

"Ni kweli. Ndiyo kama kuwauliza walio hai ikiwa mauti yanauma. Na mwenye malalamiko afanyeje?"

"Ajaze fomu. Fomu imo ndani ya mashine."

"Nayo hufunguliwaje?"

"Kwa kidole," akasema Waziri, na mzee mmoja nyuma akapaliwa na sambusa.

Sultani akakunja uso, kwani alihisi anachekwa ila hakujua ni wapi. Akanena, "Ewe Ngwali, unadai kuwa mashine yangu yakosea. Vema. Niletee mtu mmoja, mmoja tu, hapa mlangoni pa jumba langu, mashine imkatae, nami nijue pasina shaka kwamba mtu huyo ndiye kweli. Lakini fahamu kwamba simjui mtu kwa uso wala kwa kiapo, maana nyuso hudanganya na viapo hudanganya. Mimi namjua mtu kwa mashine. Ukimleta, omba utakalo. Usipomleta, utapiga mbiu ya kuisifu mashine mwaka mzima, na wale wanawake sitini watafutwa katika daftari, wao na watoto wao."

Waziri akatabasamu ndani ya kikombe chake. Kwani ambaye mashine imemkataa, Sultani hamjui, na ambaye Sultani amjua, mashine nayo imemjua. Ngwali atampata wapi mtu wa katikati?

Ngwali akasema, "Nimekubali, Bwana wangu. Nataka siku tatu tu, na ruhusa yenye muhuri: nimtie katika kazi ya makumbi mtu mmoja nimtakaye, awaye yote, wala asikatae."

"Chukua yeyote," akasema Sultani. Ikaandikwa, muhuri ukagongwa, ikasomwa mbele ya watu wote.

Ngwali akaikunja ile karatasi, akaitia kifuani. "Basi, Bwana wangu, niliyemtaka ni wewe."

Sambusa zikakomea njiani. Waziri akasema huu ni utovu wa adabu. Sultani akautazama muhuri wake, akawatazama watu wake, akaona kwamba mtawala akila neno lake asubuhi, jioni hana neno la kula. Tena alikuwa na kiburi chake. "Kazi ya wanawake itanishinda mimi?" akasema, akavua joho.

Siku ya kwanza Bi Mize akamwonyesha pa kufukua. Makumbi yaliyooza miezi sita yana harufu yake, na harufu hiyo haina heshima kwa mtu. Sultani akarudi nyuma hatua tatu.

"Sogea, bwana," akasema Bi Mize. "Yakishakuzoea yatakuacha."

Akampa rungu na gogo. Sultani akapiga kama apigaye nyoka.

"Umeshika juu sana. Shika chini. Rungu halijui cheo."

Adhuhuri wakampa chakula, majani ya kuchemsha katika kifuu. Sultani akatazama kifuuni, akauliza, "Ndicho chakula chenu hiki?"

"Ndicho chakula cha watu wasiokuwapo," akasema Bi Mize. "Hakina uzito."

Sultani akala. Siku ya pili malengelenge yakapasuka. Akauliza kwa sauti ya chini, "Mama, kazi hii huisha lini?" Naye akamwambia, "Sisi tulidhani wewe ndiye utakayetwambia." Siku ya tatu ngozi ya ncha za vidole ikabanduka kama ganda la kitunguu, na mkononi mwake ikatoka kamba ya urefu wa dhiraa moja, kamba ambayo mbuzi mwenye kujiheshimu asingekubali kufungwa nayo. Wakati wa alasiri Ngwali akamwambia, "Muda umetimia, Bwana wangu. Rudi nyumbani ukapumzike."

Basi Sultani akarudi, ana matope hata masikioni, nyuma yake wanawake sitini, na nyuma yao nusu ya mji, kwani mambo kama haya hayahitaji mbiu. Akafika mlangoni, akaweka kidole gumba.

"Samahani, hutambuliki. Tafadhali jaribu tena."

Akajaribu cha shahada, akajaribu cha kati, akavimaliza vyote kumi, na mashine ikamwomba radhi mara kumi. Watu walikuwa wakihesabu. Akamgeukia askari wa zamu, Vuai, aliyemlinda miaka ishirini.

"Vuai, fungua mlango."

"Bwana, mimi nakujua," akasema Vuai, na jasho linamtoka. "Lakini amri haikuniuliza ninajua nini. Imeandikwa: asipite mtu ila kwa kidole, hata akisema kuwa yeye ndiye Sultani."

"Nani kaandika upuuzi huo?"

"Wewe, bwana. Kama ndiwe."

Waziri Msellem akachungulia dirishani juu. Alimwona, akamjua, ila alikuwa mtu wa utaratibu. "Ewe uliye chini," akasema, "pengine vidole vina uchafu. Navyo vikikataa kabisa, usiwe na wasiwasi, ipo fomu ya malalamiko."

Hapo Sultani akapandwa na hasira. "Mimi ni Faki bin Tajo. Nimezaliwa ndani ya nyumba hii. Sihitaji kisanduku kuniambia kwamba nipo."

Ngwali akasogea, akainama kwa adabu. "Bwana wangu, uliniagiza mtu mmoja mlangoni pako, mashine imkatae, nawe umjue pasina shaka, bila mashine, kwamba ndiye kweli. Huyo hapo, nimemleta. Na hayo maneno aliyoyasema sasa hivi, wanawake hawa waliyasema mlangoni pa ghala Alhamisi tatu."

Sultani akavitazama vidole vyake. Akawatazama wale wanawake, nao hawakuwa wakicheka, na hilo ndilo lililomchoma. Kisha akauliza, na safari hii hakuuliza kama mtawala, "Katika mji huu, nani atanishuhudia?"

Watu wakatazamana. Walioshiba walimwogopa Waziri, na Waziri alikuwa dirishani. Mwisho Bi Mize akajitokeza na rungu lake kwapani.

"Mimi namjua," akasema. "Kamba yake ni mbovu, lakini siku tatu amepiga gogo ubavuni mwangu, na majani yetu ameyala. Ndiye."

Vuai akasema, "Bi Mize, usinilaumu. Na wewe hutambuliki. Asiyekuwapo hawezi kushuhudia."

Basi Sultani akaona mahali alipofika: akikataa kwamba mwanamke yule yupo, yeye mwenyewe atalala nje. Akaanza kucheka. Alicheka akashika tumbo, akacheka matope yakambanduka usoni, na machozi yalipomtoka watu hawakujua ni ya kicheko au ni ya jambo jingine.

"Yupo," akasema. "Wote sitini wapo, na walikuwapo siku zote. Ambaye hakuwapo ni mimi. Vuai, mkubali shahidi wako."

Vuai akaufungua mlango kwa furaha, akakaa kando. Sultani akatia mguu mmoja ndani, akausikia ubaridi wa marumaru, akanusa pilau ya jikoni kwake, akautoa mguu.

"La," akasema. "Ghala kwanza. Na aanze yule mwenye mtoto."

Ndipo Mwanashaha akapimiwa mchele wa Alhamisi tatu na wa nne juu yake, na karani mzee, aliyeletwa mbio viatu mkononi, akamwuliza hali ya mtoto, na jana alilala vipi. Ngwali alipoambiwa aombe alitakalo, akaomba mtu yeyote asiandike tathmini mpaka amewauliza waliofungiwa nje, tena awaulize kabla ya sambusa. Ikawa sheria. Waziri Msellem akapelekwa kwa Bi Mize kwa majaribio ya awali ya miezi sita, na yasemekana rungu analishika juu hadi leo. Ama yule mtu wa suti, alikuwa amekwisha vuka kwa sultani wa tatu, na ile ripoti ya mia kwa mia kwapani, na huko nako utepe ulikuwa tayari umefungwa.

Hapa ndipo nilipoishusha hekaya yangu. Aliyeshiba na anawe, na aliyeambiwa hayupo na apige hodi tena, kwa mkono mzima.