Paka wa Musembi

Wahenga walisema mwenye macho haambiwi tazama, yaani jambo lililo wazi halihitaji mpiga mbiu. Lakini yako macho ya kuonea na yako ya kupambia uso, na Musembi wa Mbooni alikaa muda mrefu na hayo ya pili.

Musembi alikuwa mtu wa mbwa. Tangu ujana wake hadi umri wa miaka sabini, hakuna mbwa aliyemshinda kumwelewa. Popi, mbwa wake wa mwisho, alipokufa na panya wakavamia mahindi, mkewe Kavata alileta paka kutoka kwa dada yake huko Mukuyuni. Siku moja Musembi alimkuta paka huyo kizingitini, mkia ukipiga chini huku na huku. Akawaza kwamba leo amefurahi, akanyoosha mkono ampapase kichwa. Alirushiwa kucha, damu ikamchuruzika hadi kiganjani.

"Baba Muthama, huyo si mbwa," Kavata alisema, akimwosha kidonda kwa maji ya chumvi huku akijizuia kucheka. "Mbwa akitikisa mkia anakupenda. Paka akiupiga hivyo anakwambia toka. Na si masikio yalikuwa yamelala nyuma? Kwani ulikuwa unaangalia nini?"

Kuchekwa katika boma lake kulimuuma Musembi kuliko zile kucha.

"Mnyama asiyemjua mwenyewe hafai. Siku ya soko nitamtia kwenye gunia nimpeleke Nunguni, huko atapata mwenyewe mwingine."

Kavata alisononeka. Alimpenda sana paka yule.

Siku moja kabla ya soko, Kavata alikwenda kwa mkutano wa akina mama kanisani. Musembi alibaki akiziba mlango wa ghala kwa samadi mbichi iliyokorogwa na majivu, kama ilivyokuwa desturi baada ya mavuno. Mlango huo ukishakauka, haufunguliwi mpaka mahindi ya jikoni yaishe. Paka akaja akilia.

"Maziwa umekunywa asubuhi," Musembi alimwambia, akaendelea kupaka.

Paka hakuondoka. Musembi alinyanyua mwiko, kisha akasita. Kilio cha maziwa alikijua, kilikuwa kirefu na cha kudeka, tena paka hulia akikukodolea macho. Hiki kilikuwa kifupi, kikiviringika kooni, na paka hakumtazama yeye hata kidogo. Alitazama mlango. Alikuwa akilia, ananyamaza, anasimamisha masikio mbele, kisha analia tena. Musembi alijiambia kwamba anayeita kisha akanyamaza anangoja kuitikiwa. Ndipo alipoliona na lile tumbo. Wiki nzima alikuwa akilisema kuwa limejaa wizi, na leo lilikuwa limenywea, chuchu zikining'inia.

Alitupa mwiko, akaibandua samadi kwa mikono miwili. Nyuma ya magunzi, watoto watatu wa paka walikuwa wamelundikana, macho hayajafunguka. Alifikiria mlango ule ukikauka nao wamo ndani. Akachukua gunia lililokuwa limeandaliwa kwa safari ya Nunguni, akalikunja, akawalaza juu yake. Paka alijilaza kando yao, mkia umetulia, akamtazama Musembi na kufumba macho polepole, kisha akayafumbua. Musembi aligeuka kuhakikisha hakuna mtu, naye akafumba yake vivyo hivyo. Alifurahi kupita kiasi.

Kavata aliporudi aliuona mlango wa ghala uko wazi na samadi imetapakaa. Akamkuta mumewe amechuchumaa kando ya gunia. Akainama, akachungulia, akashika mdomo.

"Baba Muthama, hebu tazama..."

"Nimetazama, Mama Muthama," alijibu bila kugeuka. "Wewe leta maziwa. Huyu mama haendi soko lolote."

Kavata aliyaleta akicheka, na safari hii Musembi alicheka pamoja naye. Hakika, mwenye macho haambiwi tazama.