Mafuta ya Goti la Fisi

Sogeeni karibu, na mwenye goti bovu akae mbele.

Mwaka ule jua lilikausha mto mpaka mchanga wake. Wanyama wengi wakahama. Maji yakabaki kwenye kisima kimoja cha mwambani, nacho kilitoa kata moja tu kwa usiku mzima. Simba, aliyeona ni aibu kugombea maji na wadogo, aliacha amri kabla ya kuondoka: kwale akilia alfajiri, wenye kiu watoke mbio pangoni kwake, na wa kwanza kufika kisimani anywe yote.

Siku tatu mfululizo Fisi akawa wa kwanza. Akanywa, akalamba na jiwe.

"Kaka Fisi," Sungura akamwambia siku ya nne, "hilo goti linalolia kwaa, unalisikia?"

"Linalia tangu utoto wangu."

"Basi mafuta yanaisha. Kila hatua ya mbio inakula tone. Yakikauka, mfupa utasaga mfupa. Nakuonea huruma tu, ndugu yangu."

Fisi akaingiwa na hofu. Bila magoti, mizoga angeifuata na nini? Akajilaza, miguu juu ya gogo, akilamba umande na kutafuna mifupa yake ya akiba. Mwezi ukapita. Akanenepa, na goti lililokuwa likilia tu, sasa likamuuma kila aliposimama.

Siku moja akapita Kobe.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Mbona umelala hivyo, unaumwa?"

Fisi akamweleza. Kobe akacheka mpaka gamba likatikisika.

"Mimi natembea tangu babu yako hajazaliwa, na goti langu halijadai mafuta. Goti hulainika likitumika. Hebu tembea nikuone." Fisi akatembea. "Ndiyo hayo! Unaurusha mguu mbali, kisigino kinatwanga ardhi, na hilo tumbo lote linaliangukia goti. Fupisha hatua. Anza polepole. Na mifupa uipunguze."

Hatua alizifupisha bila shida. Kupunguza mifupa kulimtoa machozi.

Asubuhi moja kwale akalia. Sungura, ambaye kwa muda wote huo alikwenda kisimani kwa madaha, akasikia nyayo nyepesi nyuma yake. Akataka kuchomoka, lakini magoti yaliyozoea starehe yakagoma. Fisi akampita.

Sungura alipofika akichechemea, Fisi alikuwa anajifuta mdomo.

"Kaa chini, mdogo wangu," Fisi akasema. "Mafuta yasije yakakuishia. Nakuonea huruma tu."

Sungura akainama alambe jiwe. Lilikuwa limeshalambwa.